Msitu wa Nani? Wasafiri wa Misitu ya Kongo na Insha za Wanafunzi Wetu

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uogope. Tunaukumbuka usemi huu kila tunaposahihisha insha za safari. Mwanafunzi anaweza kuwa amekwenda Bwindi, Kibale, Budongo au Mabira, lakini msitu anaotuletea katika karatasi ni ule ule. Ni mnene ajabu, una giza totoro mchana kweupe, umejaa wanyama wakali, na ndege wake huimba nyimbo za kumtoa nyoka pangoni. Mwandishi anaingia akitetemeka na kutoka akimshukuru Mungu. Mara nyingi hukutana na simba. Uganda ina simba, nao wako Kidepo, Murchison na Queen Elizabeth, mahali penye nyasi na swala. Bwindi hawapo, na Mabira hawapo. Aidha, mwanafunzi huyo huyo amepita Mabira kwa basi la kwenda Jinja mara nyingi, akanunua kuku wa kuchoma na gonja pale Najjembe, katikati ya msitu. Katika insha yake hamna Najjembe, wala wauzaji, wala kuku.

Je, msitu huu wa insha umetoka wapi? Rai yetu katika makala haya ni kwamba haukutoka machoni mwa mwanafunzi. Umetoka katika namna moja ya kusimulia safari ambayo imeenea vitabuni kwa zaidi ya karne moja. Tutaitazama namna hiyo katika vitabu vya Henry Morton Stanley, kisha tuilinganishe na msimulizi wa Kiswahili aliyefuatana naye njiani, na hatimaye na mtu aliyezaliwa ndani ya msitu wenyewe. Tumechagua misitu ya mashariki ya Kongo, kuanzia Nyangwe hadi Ituri, kwa sababu ni jirani zetu, na kwa sababu lugha tunayoifundisha ilienea huko pamoja na misafara hiyo. Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi si vibaya tukaanza kuisoma kama jirani.

Giza la Stanley

Stanley aliingia katika msitu huo mara ya kwanza Novemba 1876 akitoka Nyangwe, naye akaandika habari zake katika Through the Dark Continent, kitabu kilichotoka mwaka 1878. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1887, alipokwenda kumwokoa Emin Pasha. Aliondoka Yambuya tarehe 28 Juni akiwa na watu 389, wengi wao wapagazi waliotoka Zanzibar, na akapita msitu wa Ituri kwa siku zipatazo 160 mpaka mwanzoni mwa Desemba, walipoiona nyika ya majani. Habari za safari hiyo zimo katika In Darkest Africa, kitabu cha mwaka 1890. Msomaji ataona kwamba neno la giza limo katika majina ya vitabu vyote viwili, na katika kile cha pili giza limezidi.

Tusimdhulumu Stanley. Ni mwandishi hodari. Matone yanayodondoka kutoka majanini asubuhi, matope, siafu, nyigu, watu wanaotambaa chini ya matawi wakiwa na mizigo vichwani, vipande vya mashua ya Lady Alice vinavyokokotwa kati ya miti: haya yote ameyaandika kwa namna ambayo msomaji anayahisi mwilini. Ukurasa wa watu wake kutoka msituni na kukimbia kama watoto juu ya majani mabichi ni wa kusomwa na kila mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kuieleza furaha bila kuitaja.

Tatizo liko katika kazi ambayo giza linafanya ndani ya kitabu. Katika safari ya 1887 karibu nusu ya kundi lile lilipotea, ama kwa kufa, ama kwa kutoroka, ama kwa kuachwa nyuma katika kambi za wagonjwa. Msomaji wa haraka atasema: msitu uliwaua. Lakini Stanley mwenyewe, katika kitabu hicho hicho, ametoa habari zinazopinga hitimisho hilo. Anaeleza kwamba sehemu kubwa ya njia ilikuwa imeharibiwa na wawindaji wa pembe za ndovu. Vijiji vimechomwa, mashamba yameachwa, watu wamekimbia. Anaeleza pia jinsi msafara wake ulivyojitwalia chakula kwa nguvu ulipokuta ndizi na mihogo. Wenyeji walipojitetea kwa mishale, wakageuka kuwa sehemu ya hatari za msitu, wakiwekwa mstari mmoja na nyigu na homa.

Basi njaa ile ililetwa na biashara na bunduki. Wakati wapagazi walipokuwa wakifa kwa kukosa chakula, Wambuti na Waefe walikuwa wakiishi katika msitu huo huo, wakiwinda kwa nyavu na pinde na kubadilishana nyama na ndizi za wakulima. Giza la kitabu linamsaidia mwandishi asiulizwe swali: mkosaji akiwa ni miti, hakuna binadamu wa kushtakiwa. Hili ndilo jambo la kwanza tunalotaka mwanafunzi ajifunze kulitambua. Sifa ya mahali inapokuwa kubwa kuliko habari za mahali hapo, tumwulize mwandishi anaficha nini.

Msimulizi wa Kiswahili

Katika safari ile ya kwanza Stanley hakuwa peke yake. Alifuatana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe aliyepatana naye kumsindikiza kwa malipo. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode akayatoa kwa hati za Kirumi huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza, akayachapisha pamoja na matini ya Kiswahili katika miaka ya 1958 na 1959. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza katika lugha yetu, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kuifungua.

Mwanafunzi aliyezoea Stanley akifungua Maisha ya Tippu Tip atashangaa. Mahali Stanley anapojaza kurasa kwa kuusifia na kuulaani msitu, Tippu Tip anatumia maneno machache tu kisha anaendelea na safari. Anachokihesabu ni kingine: siku za kwenda, majina ya watawala, nani ndugu wa nani, bei ya pembe, nani aliahidi nini na nani hakutimiza. Hata kiasi cha fedha walichopatana hakilingani katika vitabu vya watu hawa wawili. Na miaka mingi baadaye Tippu Tip bado anakumbuka kwamba yule mgeni alimwahidi mengi, kisha kilichomfikia kutoka kwake kikawa ni picha yake.

Uchache huu wa maneno si upungufu wa ufundi. Ni mapokeo. Atakayesoma Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, atakuta tabia hiyo hiyo kwa wasafiri wengine: njia, hongo, chakula, maji, desturi za watu, maneno yaliyosemwa barazani kwa mtawala. Msimulizi wa Kiswahili husafiri kati ya watu. Mandhari kwake ni umbali baina ya mwenyeji mmoja na mwingine. Kwa hiyo hata msitu mkubwa kama ule unakuwa ni mahali penye njia, penye vijiji na penye maneno.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba huyu ni wetu na kwa hiyo msitu wake ndio wa kweli. Wako wasomaji wanaofanya hivyo, na tunaona wanakosea. Uchache wa maneno wa Tippu Tip nao unaficha. Pembe zile zilipatikana kwa vita na kubebwa na mateka. Vijiji alivyovikuta Stanley vimechomwa mwaka 1887 vilichomwa na watu wa biashara hiyo hiyo, na mwaka huo huo Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Katika simulizi yake watu wa msituni ni washenzi wa kupigwa au watiifu wa kutozwa pembe. Stanley anawazika katika giza. Tippu Tip anawazika katika hesabu.

Kuna kundi jingine ambalo halikuandika kabisa, nalo ni wapagazi. Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara. Malalamiko ya usiku, mizaha, nyimbo za kubebea mizigo, majina ya matani waliyowapa Wazungu, maagano ya kutoroka: yote yalisemwa kwa Kiswahili. Tunachokipata leo ni kile ambacho Stanley alikisikia na kukiandika kwa Kiingereza chake. Hili ni pengo kubwa katika fasihi yetu ya safari. Mwalimu anayetafuta zoezi zuri kwa mwaka wa tatu achukue ukurasa mmoja wa In Darkest Africa, awaambie wanafunzi waurudishe kwa Kiswahili kwa kinywa cha mpagazi. Watagundua haraka kwamba tafsiri haitoshi. Mpagazi hawezi kusema mambo yale yale, kwa kuwa yeye aliona mzigo, mgongo wa mwenzake na chungu kitupu.

Kenge na nyati

Sasa tumgeukie msafiri wa aina nyingine. Mwaka 1961 Colin Turnbull, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alichapisha The Forest People, kitabu kuhusu Wambuti wa Ituri aliokaa nao karibu na Epulu. Watu wanaoelezwa humo wanauita msitu baba na mama. Kwao hatari zinaanzia pale miti inapokatwa, kwenye joto la mashamba na kwenye uchawi wa vijijini.

Kisa kinachotuhusu ni cha kijana Mmbuti aitwaye Kenge. Turnbull alimchukua kwa gari hadi Ishango, kwenye Ziwa Edward, mahali penye mbuga pana. Kenge aliishi maisha yake yote mahali ambapo jicho haliendi mbali kabla ya kugonga mti. Alipowaona nyati wakila majani mbali sana, aliuliza ni wadudu gani wale. Alipoambiwa kuwa ni nyati, alicheka. Gari lilipowakaribia na wadudu wakawa nyati kweli, hakuridhika. Alishuku kwamba pana uchawi. Na mashua iliyokuwa mbali ziwani aliidhania kipande cha gogo.

Wanasaikolojia hukitumia kisa hiki kueleza jinsi macho yanavyojifunza kupima umbali. Sisi tunakitumia kwa jambo la fasihi. Kiweke kando ya ukurasa wa watu wa Stanley wakikimbia kwa furaha juu ya majani mabichi. Mpaka ni huo huo, baina ya msitu na nyika, lakini wanaouvuka wametoka pande mbili. Kwa hao wa pwani, uwazi ni uzima na miti ni kifo. Kwa Kenge, miti ni nyumbani na uwazi ni mahali ambapo hata nyati si nyati. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba giza la msitu ni habari za mtu aliyelileta. Lilikuwa katika jicho lililolelewa mahali pengine.

Yafaa pia tumhoji Turnbull. Kenge hakuandika, tunamsikia kupitia Mwingereza anayempenda, na upendo huo wakati mwingine unaulainisha msitu kupita kiasi, ukauondolea njaa na magomvi. Lakini angalau humu mwenyeji ana jina, ana hoja, anacheka, anakataa kuamini anachoambiwa na mgeni. Ukilinganisha na watu wasio na jina wanaorusha mishale katika vitabu vya kabla yake, hatua hiyo si ndogo.

Lugha yetu wenyewe ina doa hapa. Kamusi zetu zinawaita watu hawa mbilikimo, neno linalowapima kwa kimo kabla ya kuwauliza jina. Wao wana majina: Wambuti, Waefe, na kwetu Uganda, Watwa au Batwa. Mwalimu hawezi kulifuta neno kwenye kamusi, lakini anaweza kulieleza darasani kuwa ni neno la nje, na kumzuia mwanafunzi asilitumie pale jina lipo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Huenda msomaji akauliza mambo haya ya karne iliyopita yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana, kwa kuwa msitu wa Stanley bado unauzwa. Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Tangu mwaka 1993 watalii wamekuwa wakiingia humo kuwatazama sokwe wakubwa wa milimani, yaani masokwe tunaowaita gorila. Sensa ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019 ilihesabu gorila 459 katika Bwindi na Sarambwe, hifadhi ya Kongo inayopakana nayo. Mtalii hutembea na kundi la watu wasiozidi wanane, na akiwafikia hupewa saa moja. Fedha zake husaidia kulinda msitu, na tunasema bila kusitasita kwamba bila ulinzi huo gorila hao wangekuwa hatarini zaidi.

Lakini Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi mwaka 1991, Watwa waliokuwa wakiishi, kuwinda na kuchuma humo walitolewa. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba waliondolewa bila fidia inayostahili. Matangazo ya safari, na insha zinazoyaiga, humwambia msomaji kwamba hapa ni pori ambalo halijaguswa na mkono wa mtu. Sentensi hiyo ni tamu, lakini inawafukuza Watwa mara ya pili, safari hii kwa sarufi. Mtu akishaamini kwamba mahali hapakuwa na watu, hawezi tena kuuliza walikwenda wapi.

Mgahinga ipo njia ya utalii ambayo Watwa wenyewe ndio waongozaji. Huwaonyesha wageni mimea ya dawa, jinsi ya kupata moto kwa vijiti, jinsi ya kufuata nyuki hadi penye asali, na mwisho huwapeleka katika pango la Garama, ambamo huimba. Wako wanaosema kwamba huko ni kuwafanya watu maonyesho, kwamba mtu anaigiza kwa ujira maisha aliyonyang'anywa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo, kwa upande wa usimulizi, pana tofauti kubwa baina ya mgeni anayeelezwa msitu na kijitabu na mgeni anayeelezwa na mtu anayeweza kusema hapa mama yangu alichimba viazi. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone inampa mgeni wajibu. Ikiwa mwenyeji hakupona kwa ujio wetu, basi angalau tusimfute katika insha.

Tufanye nini darasani?

Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Hiyo ina maana kwamba insha za safari zitaongezeka, na walimu wengi wapya watatafuta mifano ya kuwapa wanafunzi. Kabla mifano haijakauka kuwa kanuni, tunapendekeza kila insha ya safari ya msituni isomwe kwa maswali manne.

Kwanza, nani ana jina? Insha isiyo na hata mtu mmoja mwenyeji aliyetajwa kwa jina au kwa kazi yake haijafika mahali inapopaeleza.

Pili, msafiri alikula nini, na chakula kilitoka wapi? Swali hili linaonekana dogo, lakini tumeona kwamba ndilo linaloupasua ukungu wa In Darkest Africa.

Tatu, neno gani jipya amelipata? Mwanafunzi aliyeingia Kibale na kutoka bila jina la mti mmoja, kwa Kitooro au kwa Kiswahili, amepita tu. Kama hajui jina la Kiswahili, aueleze mti kwa alichokiona: mizizi iliyosimama kama kuta, gome linalotoa maji meupe, matunda yanayoangukia njiani. Hiyo inazidi giza totoro mara mia.

Nne, kama angezaliwa hapo, ni kitu gani angekistaajabia huko anakotoka? Hili ni swali la Kenge. Linamlazimu mwandishi kuugeuza mshangao wake.

Tunajua kuna pingamizi. Baadhi ya walimu watasema kwamba mtahini hupenda tamathali, na kwamba insha ya kuku wa Najjembe itaonekana kavu. Tunajibu kwamba tamathali si adui. Aliyeketi chini ya mvule akasikiliza mvua ikipita juu ya majani kwa dakika nzima kabla tone la kwanza kumfikia, ana tamathali zake, nazo hazikuazimwa kwa mtu. Tamathali ya kuazima ndiyo inayoleta simba Bwindi. Mtahini mwenye busara atalijua hilo, na asiyejua ataelimishwa na insha nzuri zitakapokuwa nyingi.

Kwa kumalizia, Stanley na Tippu Tip wote ni waandishi wa kusomwa, na Turnbull pia. Tusiwafiche wanafunzi vitabu hivyo kwa sababu vina kasoro. Kasoro zao ndizo zinazofundisha. Anayejua jinsi giza la kwanza lilivyotengenezwa hatalinakili kwa urahisi, na anayejua ni nini kilichonyamaziwa katika hesabu za pembe atakuwa mwangalifu na ukimya wake mwenyewe. Safari ya mwaka wa pili itakapokwenda Kibale, daftari ziwe na nafasi ya majina ya watu kabla ya nafasi ya maajabu.